Nilivyofaulu supu ya famakolojia bila kukesha hata usiku mmoja

Nimechoka kusikia wanafunzi wakiambiwa kwamba usingizi ni adui wa kufaulu. Niliambiwa hivyo na wenzangu chuoni, nikaambiwa tena na sista wa zamu, na mjomba wangu akaongeza yake juu. Mimi nimefaulu supu, yaani mtihani wa marudio, ya famakolojia, somo la dawa na kazi zake mwilini, kwa kulala. Naandika kwa sababu najua kuna mtu usiku huu huu ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili asisinzie, na hakuna aliyemwambia kinachotokea kichwani mwake.

Beseni nalijua vizuri. Hosteli yetu pale Tanga, ikifika mitihani, kila chumba kina lake. Miguu kwenye maji, kahawa chungu pembeni, daftari mapajani, hadi muadhini anaadhini. Macho yanabaki wazi kweli, lakini kinachoshika ni kidogo. Mtihani wa kwanza chumba kizima tuliuendea hivyo. Nilipofika swali la dawa za presha, atenololi, amlodipini, kaptoprili na furosemidi zote zilikuwapo kichwani kama majina matupu. Ipi inapunguza mapigo ya moyo, ipi inalegeza mishipa, ipi inamkohoza mgonjwa, hapakuwa na kitu. Wanne chumbani, tukapata supu watatu. Na ada ya supu si ndogo, inakula posho ya mwezi.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa fiziolojia, na wala hakuwa akizungumzia mitihani. Alikuwa akieleza habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, pande zote mbili. Tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi jambo jipya, lakini ya utotoni aliyakumbuka. Maana yake kumbukumbu mpya inapita kwanza hipokampasi, kisha taratibu inakita kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Nikanyoosha mkono: inahamia lini? Mwalimu akasema, kwa sehemu kubwa ni wakati umelala.

Jibu hilo halikuniacha. Nilisoma kila nilichokipata juu ya usingizi na kumbukumbu, kwenye simu, kwenye daladala, kantini. Jambo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1924, Chuo Kikuu cha Cornell, Jenkins na Dallenbach waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana, kisha wakawapima baada ya saa kadhaa, mara wakiwa wamelala, mara wakiwa macho. Walipokuwa wamelala walibaki na nyingi zaidi, mbali sana. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton wakaonyesha sababu mojawapo ndani ya ubongo wa panya: seli za hipokampasi zilizokuwa zikiwaka pamoja panya akitembea ziliwaka pamoja tena alipolala. Panya amelala, ubongo unarudia safari.

Lakini uliokata mzizi wa fitina kwangu ni utafiti wa mwaka 2007 wa Matthew Walker na wenzake. Watu waliokeshwa usiku mmoja walionyeshwa picha, kisha wakaachwa walale usiku mbili kabla ya kuulizwa. Bado walikumbuka chache kuliko wenzao waliokuwa wamelala kabla ya kuziona. Hipokampasi zao zilikuwa zimefanya kazi kwa unyonge pale pale picha zilipokuwa zikiingia. Kwa hiyo anayekuambia "kesha leo, utalala baada ya pepa" anakuambia upokee maji kwa ndoo iliyotoboka.

Sasa niwaambie habari ya asumini. Huko Lübeck, Ujerumani, Björn Rasch na Jan Born waliwachezesha watu mchezo wa kukumbuka jozi za kadi huku chumba kikinukizwa waridi. Usiku, walipozama kwenye usingizi mzito, wakanukizwa tena harufu ile ile. Asubuhi walikumbuka asilimia 97 ya kadi walizozishika jioni, na usiku usio na harufu asilimia 86. Niliposoma hivyo sikulala kwa furaha! Tanga waridi la nini, na asumini inauzwa jioni kwa pesa ndogo tu, imefungwa vizuri kwenye jani la mgomba?

Nikaanza. Asumini juu ya daftari nikisoma, asumini chini ya mto nikilala. Chumba kikanukia kama cha bibi harusi. Mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza namngoja nani. Jirani wa chumba cha pili, mtu wa dini sana, akaja kunionya kwa upole kwamba naita majini, akanisomea dua mlangoni. Nilimshukuru nikaendelea. Ila kila nilipojipima asubuhi sikuona tofauti yoyote na siku zisizo na maua. Nikarudi kuusoma utafiti neno kwa neno, na jibu lilikuwa humo. Pua huzoea harufu haraka. Kule Lübeck walinukiza kwa sekunde 30, wakakata kwa sekunde 30, tena ndani ya usingizi mzito tu, uliopimwa kwa nyaya kichwani. Ua lililolala chini ya mto usiku kucha haliwezi hilo. Nikaliacha kama dawa ya kumbukumbu, chumbani likabaki kwa kuwa linapendeza.

Lakini ni asumini iliyonifundisha saa. Usingizi mzito mwingi uko nusu ya kwanza ya usiku, ndoto zinazidi kuelekea alfajiri. Basi magumu yote nikayaweka jioni, baada ya magharibi: kundi moja la dawa, basi. Saa nne taa imezimwa. Alfajiri naamka, daftari limefungwa, natamka kwa sauti dawa, kazi yake, madhara yake. Ninachokwama ndicho ninachofungulia daftari. Ustadhi wetu wa madrasa alifanya hivyo hivyo nilipokuwa mdogo: aya anakupa jioni, anakusikiliza baada ya sala ya alfajiri. Sikupata kumsikia mtoto akiambiwa akeshe.

Kahawa niliikata baada ya saa nane mchana. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado nusu yake iko mwilini saa tano usiku.

Na tafadhali, habari ya kuweka sauti ya mwalimu masikioni ukalala, achana nayo. Ken Paller wa Chuo Kikuu cha Northwestern aliwasikilizisha waliolala sauti ya paka au ya birika, na ikawasaidia kukumbuka mahali pa picha ya paka au birika, lakini picha hizo walikuwa wamejifunza mahali pake wakiwa macho. Kinachoimarishwa ni kile kilichokwisha kuingia. Somo jipya hutalipata usingizini.

Mjomba alisema wazee wetu hawakulala muda mrefu hivyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamepimwa, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, matokeo yakatoka 2015: usingizi wenyewe kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na wanaanza kulala baada ya muda wa saa tatu hivi tangu jua kuzama. Mimi saa nne hadi alfajiri ndiyo hiyo hiyo. Nilimwonyesha, akanyamaza.

Kilichobaki kunisumbua ni zamu za wodini. Wiki ya supu nilipangiwa usiku. Wengi walisema nisome humo humo wodi ikitulia, nikakataa kabisa. Nilimtafuta mwenzangu aliyekuwa na zamu za asubuhi, tukabadilishana, nikamlipa kwa chapati na ahadi ya kumshikia zamu ya sikukuu ya Idi. Supu nikafaulu kwa alama ambazo sikuwahi kuzipata kwenye somo lile. Idi ilipofika, nilikuwa wodini.