Supu Inayotembea Juu ya Bati

Kaka yangu ana jina moja tu kwa njiwa wangu wote: supu. "Supu yako imeamka," hunigongea mlango alfajiri wakianza kutembea juu ya bati na zile kucha zao. "Supu mbili zimeingia jikoni, njoo uzitoe." Mimi nimewapa majina. Dume wa kwanza, mweusi anayeng'aa shingoni, ni Kaniki. Jike wake ni Kitenge, maana ana madoa ya kila rangi. Mtoto wao mmoja alitoka mweupe pee, sijui kamrithi nani, nikamwita Kanzu. Huyo ndiye aliyeniletea maneno kuliko wenzake wote, nitamfikia.

Naishi Ngamiani, Tanga, niko Kidato cha Nne, na ni msichana. Hilo la mwisho ndilo linalowakera watu. Mtaani kwetu njiwa ni mambo ya wavulana, tena wale wanaosemwa: watoro, washinda juu ya mapaa, wapiga miluzi. Msichana akifuga kuku anasifiwa, huyo nyumba ataiweza. Akifuga njiwa anaulizwa kama yuko sawa. Shoga yake mama alinikuta juu ya ngazi na bakuli la mtama, akasema kwa sauti ya makusudi ili nisikie, "Huyu mwari wako mahari yake italetwa na mwewe." Mama akacheka. Maneno yenyewe hayakuniuma, nilikasirika kwa kile kicheko cha mama.

Shuleni naitwa Bi Njiwa. Nikisimama kujibu swali, huko nyuma mtu analia kukuruu, kukuruu. Na wanavyoiga vibaya! Njiwa dume akimtaka jike hututumua shingo, huinama, huzunguka, na sauti inatoka kifuani. Wao wanaitolea puani. Siku unyoya ulipodondoka kutoka kwenye daftari langu la Kemia, mwalimu aliuokota mwenyewe, akaniuliza kama nimeshafungua kilinge. Darasa halikutulia tena mpaka kengele.

Jozi ya kwanza niliinunua kwa fundi baiskeli mmoja, kwa pesa za Idi. Yule mzee aliniambia kwamba njiwa mkubwa hanunuliwi, anaazimwa tu. Ukimwachia kesho, anarudi alikozaliwa. Akayafunga kwa uzi manyoya yao marefu ya mbawa, akaniagiza niwaweke ndani ya banda, niwape chakula na maji, nisiwe na haraka. Wakishataga kwako ndipo wanakuwa wako. Kwa hiyo mwanzoni nilikuwa na ndege wasioruka, na kaka akawa anauliza tofauti yao na kuku ni nini, kama si kwamba kuku wana nyama.

Banda nimelitengeneza kwa maboksi ya mbao ya nyanya kutoka soko la Mgandini, pamoja na madebe ya mafuta yaliyotobolewa mlango. Limesimama juu ya nguzo, na nguzo nimeivisha bati ili iteleze, maana paka wa Ngamiani hawana adabu. Bati halimzuii kunguru, lakini. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na sasa wametapakaa pwani nzima. Kunguru akishajua kiota kilipo hasahau. Yai analibeba mdomoni mchana kweupe, na wewe unamwona, na yeye anakuona.

Kitu kilichoniteka kabisa ni zamu. Njiwa hutaga mayai mawili, la pili likifuata kiasi cha siku moja na nusu au mbili baada ya la kwanza, kisha wanaatamia wote wawili kwa siku kama 18. Kaniki huingia kiotani saa nne asubuhi hivi, hutoka alasiri, halafu Kitenge anashika usiku kucha mpaka asubuhi tena. Hawapigiani kelele. Kitenge akichelewa kurudi, Kaniki anabaki palepale hata kama maji ya kunywa yako mbele ya macho yake. Katika nyumba ya watu sita ambamo kuosha masufuria ni kesi ya kila siku, mimi haya niliyatazama kwa wivu.

Halafu kuna maziwa. Makinda yakitoka ni vipofu, yana vinyoya vichache vya njano, sura mbaya ajabu, na baba na mama wote wanayalisha maziwa. Hawana chuchu, bila shaka. Hiki ni kitu kizito kama mtindi uliokatika, kinatengenezwa ndani ya ule mfuko wa chakula wa shingoni, na kinda linaingiza mdomo ndani ya mdomo wa mzazi kukifuata. Baada ya siku chache wanaanza kuchanganya na punje zilizolainika. Nililisema hili kwenye kipindi cha Bayolojia. Hadi leo kuna mvulana akikutana nami koridoni ananiuliza kama Kaniki ameshakamuliwa.

Mjomba wangu hana ugomvi na njiwa, ana ugomvi na hesabu. "Faida yake nini?" Kila akija, hata chai hajanywa: faida yake nini? Na kweli mtama na chenga za mchele vinakula karibu pesa yote ninayopata kwa kusuka wenzangu nywele. Nimewahi kumjibu kwa lugha yake. Kinyesi kinakwenda kwenye mchicha wa mama, jozi moja moja nauza kwa watoto wa barabara ya juu. Anapiga hesabu kwa vidole, anatikisa kichwa. Siku hizi namjibu kwamba hakuna faida, nawatazama tu. Yeye kila Jumamosi analipa kiingilio kibanda umiza kuwatazama Waingereza wakicheza mpira, na sijawahi kumuuliza faida.

Sasa Kanzu. Huku kwetu njiwa mweupe hakai salama, kwa sababu waganga wengine huwaagiza wateja wao walete njiwa mweupe asiye na doa. Jioni moja alikuja mtu mzima, kavaa vizuri, viatu vimepigwa rangi. Akabisha hodi, akamwamkia bibi kwa adabu zote, akasema ameambiwa hapa kuna binti anauza njiwa. Nikamwonyesha wale wa kijivu. Hakuwaangalia hata kidogo, macho yalikuwa juu ya ukingo wa paa alipokaa Kanzu. Akataja bei. Nikasema huyo hauzwi. Akaongeza, akaongeza tena, mpaka akafika kwenye pesa ambayo ingenilipia daftari, sare na viatu vya mwaka mzima. Mama alikuwa amesimama mlangoni akinikonyeza nikubali. Nikamuuliza yule bwana anamtaka wa nini. Akasema, "Kumpa mtoto zawadi." Nikamwambia basi mtoto aje amchague mwenyewe. Hakurudi.

Kesho yake shuleni habari ilikuwa imefika ikiwa imegeuka: Bi Njiwa anawauzia waganga. Yaani nimekataa pesa na jina bado nimelipata. Hapo ndipo niliponuna kikweli, wiki ile karibu yote.

Aliyenitoa kwenye kununa ni bibi. Bibi huniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wa huku wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na ndiye pekee ambaye hajawahi kuniuliza faida. Yeye ana imani zake: njiwa hawakai kwenye nyumba yenye fitina, kwa hiyo wakibaki ni salama, wakihama tujiulize. Akishakunywa kahawa yake husimulia habari za pango la Thaur, Mtume alipokuwa njiani kwenda Madina mwaka 622, njiwa wakataga mlangoni na buibui akatanda utando, maadui wakapita. Kila akisimulia njiwa wanaongezeka idadi. Siku ile aliniambia, "Mke mwenzangu, wanaokusema walishakuletea mtama?" Sikuwa na jibu, nikaenda kufagia banda.

Kufagia, hapo mama ana haki. Vumbi la kinyesi cha njiwa si zuri kwa kifua, na mdogo wangu ana pumu. Nafagia wakati yeye yuko madrasa, nanyunyiza maji kwanza, najifunga kitambaa puani. Maji ya mvua ya bati hatuyakingi tena kwa kunywa. Mama bado analalamika kuhusu nguo za kwenye kamba, na sina la kumjibu, zinachafuka.

Kuna mwaka kideri kilipita mtaani. Kuku wa jirani walikwisha karibu wote, na kwangu njiwa wawili walipinda shingo, wakawa wanazunguka mahali pamoja mpaka wakafa. Siku zile kaka hakusema supu. Alipoanza tena nilijua mambo yametulia.

Darasani nilijaribu silaha nyingine. Mike Tyson, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1986 akiwa na miaka 20 tu, alikulia Brownsville kule Brooklyn akifuga njiwa juu ya mapaa, na mwenyewe husimulia kwamba ngumi yake ya kwanza aliirusha baada ya kijana mkubwa kumuulia njiwa wake. Nikadhani hapo nimewamaliza. Yule wa kukamua maziwa akasimama, akakunja ngumi: "Haya, Bi Tyson, njoo." Sasa nina majina mawili.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kumpeleka Kaniki mbali. Tulianza karibu, Raskazone, kisha stendi ya Kange, hadi siku nilipopanda naye daladala ya Pongwe, yeye kikapuni, kikapu mapajani. Konda akasikia kitu kinapapatika. "Dada, huyo kuku nauli yake iko wapi?" Nikamwambia si kuku, ni njiwa. "Njiwa? Sasa unamlipia daladala wa nini, si ana usafiri wake?" Abiria wakacheka, na mama mmoja akasogea mbali nami kidogo, nadhani alikuwa anawaza mambo ya yule bwana wa viatu. Pongwe nikashuka, nikatafuta uwazi usio na nyaya, nikafungua kikapu. Kaniki hakutoka mara moja. Alichungulia, akajitikisa, ndipo akaruka, akazunguka juu yangu huku akipanda, kisha akanyoosha kuelekea baharini.

Wanaowachunguza wanasema hutumia jua, na usumaku wa dunia, na harufu, wengine hufuata hata barabara zilizo chini yao, na bado wanabishana kipi kinatangulia. Kaniki hakuonekana mwenye ubishi wowote. Mimi nikasubiri daladala ijae, ikasimama kila kituo, nikafika nyumbani nimechoka na vumbi. Bibi alikuwa uani anachambua mchele. "Mumeo kafika zamani," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?" Kaniki alikuwa juu ya beseni, amezamisha mdomo wote anavuta maji. Njiwa hanywi kama kuku kwa kuinua kichwa kila tone. Anafyonza mpaka atosheke.

Raha hii ya kurudi nyumbani ndiyo shida yangu ya sasa. Novemba naandika mtihani wa Kidato cha Nne. Nikifaulu, TAMISEMI wanaweza kunipangia kidato cha tano Tabora, au Songea, au popote, na huko ni bweni. Mwenzangu mmoja wa barabara jirani, mvulana, amesema atawachukua wote kwa bei nzuri. Anajua na mimi najua: siku akiwafungua watakuwa juu ya bati letu kabla hajashuka ngazi. Angelazimika kuwafungia moja kwa moja au kubaki na makinda tu. Kuwauza wakubwa ni kumuuzia mtu mlango wa banda tupu.

Kwa hiyo juzi usiku, watu wote wakiwa mkekani, nikauliza nani atabaki nao. Mjomba akauliza faida. Mama akasema tumalize mtihani kwanza. Bibi akanywa chai yake taratibu, akatoa masharti: mtama ataumwaga yeye hapo uani, wateremke wenyewe, wana mbawa. Ngazi hapandi. Kanzu akinyea tena kanga yake ya kisutu, njiwa weupe watakuwa haramu katika nyumba hii. Na kufagia banda atapanda kaka yangu.

Kaka akasema yeye banda lile atalipanda siku akiitwa kwenye supu.

"Utapanda," bibi akamwambia, akaomba aongezewe sukari.