Dirisha ndani ya bilauri

Huku Haarlem, Uholanzi, Desemba ikifika, jua halipandi. Linapita karibu na mapaa, na mwanga wake unaingia kwa ubavuni kupitia madirisha marefu, unagusa ukingo wa meza, halafu nusu ya chumba inabaki gizani. Mtu aliyekulia Dar es Salaam, ambako jua la mchana liko utosini na kila kitu kinaonekana kwa ukali uleule, huanza kuviangalia vyombo vyake mwenyewe upya.

Wachoraji wa mji huu wa karne ya 17, Pieter Claesz na Willem Heda, waliujua mwanga huo. Walichora meza za chakula zisizo na mtu hata mmoja. Katika picha ya Heda ya mwaka 1635, iliyopo jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, kuna sahani za bati, chaza, mkate na limau lililomenywa nusu. Rangi ni kijivu na kahawia tu, karibu zote. Lakini itazame ile bilauri ya kijani: kwenye tumbo lake linang'aa dirisha dogo, ingawa dirisha lenyewe halimo kwenye picha. Mimi huisogelea hiyo kwanza, kila mara.

Claesz alikuwa wazi zaidi. Kwenye picha yake ya 1630, iliyopo jumba la makumbusho la Mauritshuis, The Hague, aliweka fuvu la mtu, saa na bilauri iliyolala. Maana yake Mkristo wa zama zile hakuhitaji kuelezwa: utakufa, na mali utaiacha. Limau la Heda ndilo wataalamu wanabishania. Wapo wasemao ni onyo, zuri kwa macho na kali mdomoni. Naamini mchoraji alilipenda kwa sababu nyama yake mbichi inashika mwanga kuliko kitu kingine mezani.

Kisha kuna Willem Kalf, aliyechora bakuli la Kichina la bluu na nyeupe likiwaka mbele ya giza. Kampuni ya Waholanzi ya biashara ya Mashariki, iliyoundwa 1602, ilileta vyombo kama hivyo kwa shehena. Bakuli lile hunipeleka moja kwa moja Kunduchi, Dar es Salaam, kwenye makaburi ya nguzo ambayo wazee wetu waliyapachika sahani za Kichina. Mholanzi aliweka chombo cha fahari kwenye picha ya kumkumbusha kifo; Mswahili alikiweka juu ya kaburi lenyewe. Sahani nyingi zimeshabanduliwa, zimebaki tundu za duara. Mkipata nafasi, wapelekeni watoto wakazione zilizosalia.