Sura za Hollywood ya zamani na namna ya kuzitazama bila kuziharibu

Mtu akisema Greta Garbo, yule nyota wa Hollywood ya zamani, hamgusi hata kidogo, swali la kwanza ni hili: ulimwona katika nakala gani? Mara nyingi ameona nakala ya nakala ya nakala, weusi umepauka ukawa kijivu, picha imevutwa ijaze skrini nzima, na runinga imechomeka fremu, yaani zile picha mojamoja zinazounda filamu, ambazo hakuna mtu aliyezipiga. Nyota wa miaka ya 1930 na 1940 walikuwa wazuri, hilo halina ubishi, lakini uzuri tuliorithi sisi ulitengenezwa. Ulitengenezwa kwa taa, lenzi, poda na ukanda uliopakwa chembe za fedha, mikononi mwa mafundi waliomjua mtu wao pembe kwa pembe. Kazi yao yote imo ndani ya fremu. Fremu ikichezewa, nyota naye anapotea.

Kwa hiyo tuanze na rimoti. Filamu zenye sauti zilipigwa kwa fremu 24 kila sekunde. Runinga nyingi za leo hubuni fremu za ziada na kuzichomeka katikati ili mwendo uonekane laini. LG huiita TruMotion, Sony huiita Motionflow, Samsung waliiita Auto Motion Plus. Izime kabisa, usiipunguze tu. Madhara yake utayaona upesi ukimtazama Fred Astaire. Yeye alitaka apigwe mwili mzima, kichwa hadi miguu, na picha isikatwekatwe ovyo, ili mtazamaji aone wazi kwamba anayecheza ni yeye mwenyewe. Runinga inayobuni fremu hushindwa kuifuata miguu ile: kiatu kinaacha ukungu nyuma yake, kingo za suruali zinatetemeka, na densi iliyofanyiwa mazoezi kwa wiki kadhaa inaharibika kwa sababu ya kitufe kimoja.

Runinga yako ikiwa na Filmmaker Mode, iwashe, nayo itazima mambo hayo kwa mkupuo mmoja. Ikiwa haina, chagua hali ya sinema, kisha ingia kwenye menyu. Shusha ukali wa picha hadi pale mstari mweupe unaozunguka mabega ya watu unapotoweka. Mstari ule haumo kwenye filamu, runinga ndiyo inayouchora. Halafu zima kipunguza chembe. Zile chembechembe zinazochezacheza ukutani na mashavuni si uchafu, ndizo picha yenyewe. Ukizifuta, ngozi ya Ingrid Bergman inageuka nta.

Umbo la picha nalo lina kanuni yake. Tangu 1932 Hollywood ilikubaliana juu ya umbo la karibu mraba, upana 1.37 kwa kimo cha 1, nalo likatawala hadi 1953, mwaka ambao The Robe ilizindua CinemaScope na kila studio ikakimbilia skrini pana. Runinga ya leo ni 1.78 kwa 1. Maana yake ni kwamba filamu ya 1940 lazima iache mapande meusi kushoto na kulia, na mapande hayo kwa pamoja yanachukua karibu robo ya upana wa skrini. Yaache. Ukiikuza picha mpaka mapande yaishe, umekata karibu robo ya kimo chake, na kinachokatwa kwenye picha ya karibu ni paji la uso na kidevu, yaani zile sehemu ambazo mpigapicha alizipimia taa. Ukiivuta kwa upana tu, kila uso unanenepa kwa takriban asilimia 30. Basi filamu yoyote ya Hollywood ya kabla ya 1953 ikijaza skrini yako bila pande nyeusi, kuna mtu ameichezea.

Filamu bubu zina tatizo lake la ziada, nalo ni kasi. Kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, na mwendo ulibadilika, kuanzia kama fremu 16 kwa sekunde hadi 24. Nakala isiyosahihishwa huendesha kila kitu kwa 24, watu wakatembea kama wamefukuzwa. Huo si uigizaji wao. Tafuta nakala inayoeleza kwamba kasi imerekebishwa, na usishangae ukiona usiku umepakwa buluu na mambo ya ndani yamepakwa rangi ya kahawia ya dhahabu; ndivyo zilivyoonyeshwa zilipotoka.

Sasa nakala yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hakimiliki ilidumu miaka 28, kisha ilibidi iombwe upya. Baadhi ya wenye filamu hawakuomba. Ndivyo His Girl Friday ya 1940, Penny Serenade ya 1941 na My Man Godfrey ya 1936 zilivyobaki bila mwenyewe, na yeyote aliyekuwa na ukanda uliochakaa wa milimita 16 akaweza kutoa nakala na kuuza. Ni bahati mbaya kwa Cary Grant hasa, maana mbili kati ya hizo ni zake, na watu wengi hukutana naye kwa mara ya kwanza katika hali hiyo. Ukitaka kuipima nakala huhitaji kifaa. Simamisha picha kwenye shati jeupe: je, mikunjo inaonekana, au limeungua likawa doa tupu? Nenda kwenye koti jeusi ndani ya chumba chenye giza: ukosi unaonekana, au umemezwa? Kisha tazama macho. Nakala nzuri inaonyesha nukta za mwanga zilizo safi ndani ya mboni; nakala mbovu inaonyesha ukungu mmoja wa kijivu.

Angalia pia muda. DVD zilizotengenezwa kwa PAL, mfumo wa runinga wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, huendesha filamu kwa fremu 25 badala ya 24, kwa hiyo dakika 100 zinakuwa 96, na sauti isiporekebishwa inapanda kidogo. Kidogo hicho kinatosha kumvua Humphrey Bogart uzito wa sauti yake. His Girl Friday ni ya dakika 92. Ukiona 88, sababu ni hiyo, hakuna kipande kilichokatwa. Ukiona 80, basi kipo.

Uchaguzi huu wa nakala una uzito kwa sababu vilivyobaki si vingi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu zilipigwa kwenye ukanda wa naitreti, unaowaka kwa urahisi wa kutisha na kuoza ukihifadhiwa vibaya. Mwaka 1937 ghala la Fox lililokuwa Little Ferry, New Jersey, liliungua, na filamu nyingi za Theda Bara ziliteketea humo. Alikuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa miaka ya 1910, na leo tunamjua zaidi kwa picha za mnato. Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani uliotolewa 2013 ulionyesha kwamba, kati ya karibu filamu ndefu 11,000 za bubu zilizotengenezwa Marekani, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la asili la milimita 35. Ndiyo maana kila nakala iliyotoka moja kwa moja kwenye negativu ya kwanza, yaani ukanda uleule uliokuwa ndani ya kamera, inastahili kungojewa.

Ukishapata nakala nzuri, jifunze kuisoma taa. Anza na Marlene Dietrich kwenye Shanghai Express ya 1932, iliyopigwa na Lee Garmes na kumpa Oscar. Taa kuu iko juu, mbele ya uso, ikielekea chini. Utaitambua kwa kivuli kidogo kilicho chini kabisa ya pua, chenye umbo la kipepeo. Mashavu yanaingia ndani, mfupa wa shavu unachomoza, na taa nyingine nyuma ya kichwa inaziwasha nywele ili zisimezwe na giza la behewa. Ni mpango mgumu kuliko unavyoonekana. Taa ikipanda mno, macho yanazama kwenye mashimo meusi. Ikishuka mno, kivuli kinatoweka na uso unakuwa bapa. Naye mwigizaji akiinamisha kichwa, kivuli cha pua kinateremka hadi mdomoni. Ndiyo sababu Dietrich huinua uso kidogo kila inapokuja picha ya karibu. Tunaweza kuliona kama majivuno ya mhusika wake, na ni majivuno kweli, lakini pia ni mtu anayeijua taa yake ilipo.

Bergman alihitaji kitu tofauti. Kwenye Casablanca ya 1942, pale anapomsikiliza Sam, mpiga piano, akiimba, mpigapicha Arthur Edeson alimpiga kwa upande wa kushoto, ule alioupendelea mwenyewe, akaweka shashi mbele ya lenzi ili ngozi ilainike, na akaongeza taa ndogo za kuyafanya macho yang'ae. Hafanyi jambo kubwa katika picha ile. Anasikiliza tu, muda mrefu, na kila kinachopita moyoni kinaonekana kwenye zile nukta mbili za mwanga. Bogart mwenyewe akitokea utaona tofauti mara moja: hakuna ulaini huo, mikunjo ya uso wake imeachwa ilivyo.

Claudette Colbert naye alishikilia upande wa kushoto kiasi kwamba mapambo ya chumba yalipangwa kumfuata. Merle Oberon alipata makovu usoni katika ajali ya gari ya 1937. Mpigapicha Lucien Ballard, walipokuwa wakipiga The Lodger ya 1944, alibuni taa ndogo iliyofungwa karibu kabisa na lenzi, ikaitwa Obie kwa ajili ya Oberon. Inafanya kazi kwa sababu rahisi: mwanga ukitoka mahali palepale kamera inapotazamia, kivuli cha kila kovu kinaangukia nyuma yake, ambako lenzi haioni. Taa hiyo bado inatumika.

Ujuzi wa namna hii ulitokana na mkataba. Nyota alifungwa na studio kwa hadi miaka saba, na mafundi walikuwa palepale. William Daniels alimpiga Garbo pale studio ya MGM karibu katika filamu zake zote za Marekani. Hakuna njia ya mkato ya kuufahamu uso wa mtu kiasi hicho. Lakini mkataba huohuo ulikuwa kitanzi. Nyota akikataa nafasi, alisimamishwa bila mshahara, na siku alizosimamishwa zikaongezwa mwishoni mwa mkataba, kwa hiyo miaka saba haikuisha. Mwigizaji Olivia de Havilland aliishtaki studio yake, Warner Bros., na mwaka 1944 mahakama ya rufaa ya California ikaamua kwamba miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Alihatarisha kila alichokuwa nacho, na waigizaji wote waliomfuata wana deni kwake. Miaka minne baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ikazivua studio kubwa kumbi zao za sinema, na mfumo mzima ukaanza kulegea.

Kuhusu rangi, nitasema mawili. Filamu ya nyeusi na nyeupe iliyopakwa rangi kwa kompyuta usiiguse: nguo, poda na kuta zilichaguliwa kwa namna zinavyotoa kijivu, na rangi ya juu inaifuta hesabu hiyo. Technicolor ya kweli, yaani filamu iliyopigwa kwa rangi tangu mwanzo, ni habari nyingine. Kamera yake ilirekodi negativu tatu kwa wakati mmoja, na filamu ndefu ya kwanza iliyopigwa hivyo yote ni Becky Sharp ya 1935. Negativu hizo husinyaa kwa viwango tofauti, ndipo utaona ukingo mwekundu au wa kijani pembeni mwa watu katika nakala za zamani. Nakala mpya huzilinganisha upya moja baada ya nyingine. Filamu ambayo picha yote imegeuka waridi mara nyingi ni ya Eastmancolor, ukanda uliokuja 1950, ambao rangi zake hazikudumu.

Kwa anayeanza, usifuate orodha za filamu bora. Chukua nyota mmoja na mpigapicha mmoja. Garbo na Daniels wanatosha: Flesh and the Devil ya 1926, Grand Hotel ya 1932, Queen Christina ya 1933, Ninotchka ya 1939. Kwenye ya kwanza, mwigizaji mwenzake John Gilbert anapowasha sigara bustanini, mwanga unaowapanda usoni unatoka kwenye taa ndogo iliyofichwa kiganjani mwake. Kwenye Queen Christina, tazama picha ya mwisho kamera inavyosogea mpaka uso ujaze fremu. Mwongozaji Rouben Mamoulian alimwambia Garbo asiwaze chochote, na kila mtazamaji anausoma uso ule kwa namna yake. Ninotchka ni ya kuchekesha, kwa hiyo taa zimefunguliwa zaidi na vivuli ni vyepesi. Tazama mandhari moja mara mbili, mara ya kwanza bila sauti, utafute taa kuu iko wapi. Ukimaliza, mfuate Daniels peke yake kwenye The Naked City ya 1948, iliyopigwa kwenye mitaa ya New York. Hiyo ndiyo iliyompa Oscar.