Laptopu moja, wanafunzi 70: nilivyofundisha mkondo wa umeme

Shule yetu ni ya kata, na darasa langu la Kidato cha Pili halipungui wanafunzi 70. Maabara ipo, ila balbu nzima ni za kuhesabu na ammita (kipima mkondo) ya kuaminika ni moja. Mada ya mkondo wa umeme ilikuwa inanitesa kila mwaka. Wanafunzi wanakariri kanuni ya Ohm (volti ni mkondo mara ukinzani, yaani kinachouzuia mkondo), wanakokotoa bila shida, lakini ukiwauliza ni balbu ipi itawaka zaidi, wanakutazama tu.

Intaneti ya kutegemea hatuna, na simu kwa wanafunzi ni marufuku. Kilichonifungulia njia ni PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Yanapakuliwa bure, na kila jaribio ni faili moja linalofunguka kwenye kivinjari bila bando. Nilipakua lile la saketi nikiwa mjini, nikaliweka kwenye laptopu yangu, nikaazima projekta ofisini. Madirisha ya darasa hayana pazia, kwa hiyo khanga mbili zilitosha kupunguza mwanga upande wa ukutani.

Sheria niliyoweka ni hii: habofyi mtu mpaka kila mmoja ameandika jibu lake daftarini. Kwenye laptopu nikachora betri ya volti 9 na balbu mbili zenye ukinzani wa om 10 kila moja kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja, swichi ikiwa wazi. Ipi itawaka zaidi? Wengi waliandika ile iliyo karibu na betri. Kijana mmoja wa nyuma akaeleza kwa kujiamini kabisa: "Mwalimu, ya kwanza inakula umeme, ya pili inapata makombo."

Nikamwita yeye mwenyewe aje afunge swichi. Balbu zikawaka sawasawa. Akapima mkondo kabla ya balbu ya kwanza, katikati, kisha baada ya ya pili: ampea 0.45 kila mahali. Alirudia kupima mara mbili kana kwamba laptopu inamdanganya, huku wenzake wakipiga kelele za kumtania. Tulipozipanga sambamba, yaani kila moja na njia yake kutoka kwenye betri, kila balbu ikapata 0.90, na waya wa kutoka kwenye betri ukasoma 1.80. Binti mmoja akauliza, "Kwa hiyo betri itaisha haraka zaidi?" Swali hilo halijawahi kuulizwa miaka yote niliyofundisha kwa ubao peke yake.

Baada ya hapo nazima projekta na kutoa vifaa halisi: betri za tochi, balbu, waya. Hii hatua siiruki, maana bila hiyo wanafunzi wanakuwa wameangalia sinema. Kwa kuwa ammita ni moja, nakipiga picha kioo chake kwa kishikwambi (vile walimu tulivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022), naihamishia kwenye laptopu, kisha narudisha projekta ili darasa zima lisome mshale. Namba haziwi safi kama za kwenye kompyuta. Betri ina ukinzani wake wa ndani, uzi wa balbu ukipata moto ukinzani unapanda, na waya zetu zimeshika kutu. Kueleza tofauti hiyo kunachukua nusu ya kipindi, na ndiyo nusu ninayoipenda.

Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa chaji yake. Naita makundi mbele, wengine wanabaki wakikokotoa. Makelele yapo, sikatai.

Siyo kila mada inafaa. Kwenye joto nilijaribu, nikaona sufuria la maji na kipimajoto vinafundisha vizuri zaidi, na laptopu nikaiacha nyumbani. Ninayoyaandaa sasa ni mawimbi, kwa sababu kamba tunayotikisa darasani inakwenda kasi kuliko macho ya wanafunzi, na kwenye jaribio la PhET wimbi unaweza kulipunguza mwendo au kulisimamisha kabisa ukapima urefu wake kwa rula.