Usiku wa Askari Kanzu

Ukutani kwenye kibanda changu cha gemu, pale Ngamiani, Tanga, niliandika masharti matatu kwa maka peni: Hakuna kukopa. Ukivunja pedi (kidude cha mkononi cha kuchezea) unalipa. Anayefungwa anapisha. Hilo la tatu ndilo lililokuwa linanilisha. Mechi moja ya mpira ilikuwa shilingi 500, aliyefungwa analipa na kusimama, wa foleni anakaa. Mfungaji hodari hana faida yoyote kwangu, anakaa usiku mzima bure. Riziki yangu ilikuwa kwa wale wanaofungwa na hawakubali.

Sasa Ramadhani ya mwaka 2018 binamu yangu akaja likizo kutoka Muscat. Alipofungua begi, chini ya tende na udi, akatoa diski ya gemu ya PS4. A Way Out. Watu wawili wanatoroka jela, mwaka 1972, huko Marekani. Huwezi kuicheza peke yako hata ukitaka, na huyo uliyekaa naye si wa kumfunga, ni wa kutoroka naye.

"Sasa nitamtoza nani?"

"Wote wawili."

"Kwa mechi?"

"Haina mechi, ni hadithi. Mpaka iishe, saa sita."

"Saa sita usiku? Hapo sawa."

"Si saa sita ya kwenye saa, bwana wee. Inakula saa sita nzima."

Nikaipokea kwa adabu, nikaitia kwenye droo pamoja na waya mbovu. Ilikaa humo karibu wiki tatu. Kombe la Dunia la Urusi lilikuwa mlangoni, nani angetaka kuangalia wafungwa?

Kilichoitoa drooni ni ugomvi. Nilikuwa na wateja wawili, mmoja fundi simu, mwingine dereva wa bodaboda, ambao hawakuwa wakipatana kwa lolote. Katika kumi la mwisho la mfungo, usiku mmoja, yule wa bodaboda alifungwa dakika ya 89 akadai mwenzake amevuta waya wa pedi yake kwa mguu. Walishikana mashati mpaka feni ikaanguka. Kesho yake, baada ya tarawehe, wakatokea tena wote wawili kana kwamba hapakutokea kitu, wanataka mpira. Nikawaambia mpira marufuku kwenu kwa wiki. Ipo hii ya jela, elfu tatu kila mmoja, mpaka daku. Hamtaki, nendeni mkalale.

Ilikuwa adhabu, sikuficha. Ubishi wao ndio uliowakalisha, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Binamu akajipa kazi ya kutafsiri. Fundi simu akamchukua Leo, mwenye hasira za karibu. Bodaboda akamchukua Vincent, mpole, mwenye kupanga mambo.

Kioo cha TV kinagawanywa katikati, kila mtu na upande wake, hata pale mmoja wao anapokuwa hana la kufanya ila kusimama. Wakati Leo anachokonoa ukuta nyuma ya choo cha selo yake, Vincent upande wa pili anamwangalia askari magereza asije. Dakika za mwanzo zilikuwa aibu tupu. Fundi anachokonoa, bodaboda hasemi kitu kwa makusudi, askari anaingia, wanarudi nyuma. Mara ya tatu fundi akageuka, mara yake ya kwanza kumtazama tangu walipokaa: "Wewe, si useme anakuja!"

"Anakuja," akasema bodaboda. Askari alikuwa ameshafika.

Ila walipofika kwenye lile shimo la kupanda mgongo kwa mgongo, mambo yakageuka. Wale watu wanaegemeana, miguu ukutani, na kila hatua lazima wachezaji wabonyeze kwa pamoja. Mmoja akitangulia, wanaporomoka. Waliporomoka sijui mara ngapi. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuja kumtafuta mjukuu wake, akachoka kuangalia, akaanza kuwahesabia kama wanavuta ngalawa pwani: "Haya… twende! Haya… twende!" Kibanda kizima kikaitikia. Kwenye TV ya pili watu wakasimamisha mpira wao waje kuona, na mimi nikaona mia tano tano zangu zinapotea moja baada ya nyingine, lakini nilikuwa naitikia pia.

Mto walipofika, mmoja anatikisa maji kuwafukuza samaki, mwingine anawachoma kwa mkuki. Yule mzee akasema hao waliotengeneza hii wamewahi kula samaki lakini hawajawahi kuvua. Na hospitalini, mke wa Vincent yuko kwenye uzazi, wale mabwana wakagundua kijimchezo pembeni cha kudondosha vidude vya duara mpaka vinne vikae mstari mmoja. Hapo palikuwa na mshindi! Walikwama zaidi ya nusu saa, matusi ya Ramadhani (yale ya nusu nusu) yakarudi, huku mwanamke wa watu anajifungua.

Baadaye sana, kibanda nimeshakifunga, nilitaka kujua ni nani hasa aliyenivurugia biashara usiku ule. Studio inaitwa Hazelight, iko Stockholm, Uswidi. Aliyeianzisha mwaka 2014 ni Josef Fares, mzaliwa wa Beirut, ambaye familia yake iliikimbia vita ya Lebanon akiwa bado mtoto. Kabla ya gemu alikuwa mtengeneza filamu. Gemu ya kwanza kuiongoza, Brothers, ya mwaka 2013, alikuwa bado kwenye studio nyingine: mchezaji mmoja anawaongoza ndugu wawili kwa pedi moja, kila ndugu na kijiti chake. Halafu akaanzisha yake, na A Way Out ikawa ya kwanza kutoka humo, Machi 2018. Ndiyo kusema diski ile ilipofika Tanga ilikuwa haijamaliza hata miezi mitatu sokoni. Uso wa Leo ni wa kaka yake Josef, mwigizaji Fares Fares. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu: mtu kamchukua kaka yake wa tumbo moja, kamtia kwenye hadithi yenye mwisho kama ule.

Msimamo wao haujabadilika. Mwaka 2021 wakatoa It Takes Two, ya mume na mke wanaotaka kuachana, ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, jukwaa lile lile ambalo mwaka 2017 Josef alisimama akatukana tuzo za Oscar mbele ya kamera (maneno yenyewe siyaandiki). Mwaka 2025 ikaja Split Fiction, ya Mio na Zoe, majina ya mabinti zake. Zote ni za watu wawili, na mmoja akinunua, mwenzake wa mbali anaingia bure kwa intaneti. Kama binadamu nawapongeza. Kama mwenye kibanda, huo ni uchawi.

Turudi. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Nje nilisikia vijana wa ngoma za daku wanaanzia mitaa ya juu. Leo na Vincent wameshakwenda Mexico, wamelipiza kisasi, wanarudi kwa ndege. Hadithi ilianzia humo humo ndani ya ndege, wanapiga soga, kwa hiyo sote tulishajua watatoka salama, na watu walikuwa wanaanza kutafuta ndara zao. Ndege ikatua. Polisi kila upande.

Binamu akanyamaza.

"Anasemaje?" akauliza fundi simu.

"Subiri."

"Wewe, anasemaje?"

"Anasema huyu Vincent… ni mwenzao. Ni askari kanzu."

Kwanza watu walicheka. Nusu ya kibanda walikuwa bado na kanzu walizosalia tarawehe, na mmoja akainua mikono juu kama aliyekamatwa. Kisha kicheko kikakauka chenyewe. Fundi simu alikuwa amemgeukia mwenzake, na sikuwahi kumwona akimtazama vile hata siku ya feni.

"Ulijua?"

"Wallahi sikujua."

"Tangu jela ulikuwa unajua."

"Nimefunga, nitakudanganya? Nimejua sasa hivi, pamoja na wewe!"

Akageuka kwa binamu, amuombe ushahidi. Binamu akaapa kwamba mchezaji haambiwi. Fundi hakujibu, akaishika pedi vizuri. Kwenye TV wale watu walishaanza kuwindana kwa risasi, na ule mstari wa katikati ya kioo, ambao usiku kucha tulikuwa tumeuzoea mpaka tukausahau, sasa kila mtu alikuwa anachungulia ng'ambo yake, upande wa mwenzake, kuona amejificha wapi.

Hakuna aliyewahesabia "haya, twende". Yule mzee alisema tu, "Mwambieni aache," na hakusema nani.

Mwisho wako juu ya paa, wamejeruhiwa wote, wanaitambalia bastola moja. Bodaboda akaifikia kwanza. Kufyatua unafyatua mwenyewe, gemu haikufanyii. Akakaa. Akaniangalia mimi, kama mwenye kibanda anaweza kutengua jambo. Nikamwambia bonyeza, watu wakale daku. Akabonyeza.

Mechi ya kawaida ikiisha hapo kwangu, makelele yanafika msikitini. Zamu hii tulikuwa tunaangalia Vincent anakwenda kwa mke wa Leo kumpa habari. Fundi simu akasimama, kwa mazoea, akaiweka pedi kwenye benchi, akapisha. Wa foleni hakukaa. Bodaboda naye akasimama.

"Anayefungwa anapisha," nikamkumbusha, angalau aone ameshinda. Akanisonya.

Ngoma zikapita mlangoni. Walitoka pamoja, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja, na bodaboda akawasha pikipiki, akasimama nayo pale inanguruma. Fundi alikuwa anakaa mbali, Mikanjuni. Sikusikia walichosemezana. Nilikuwa nazima TV na kutafuta chenji ya mzee mvuvi, ambaye alitoa noti ya elfu moja akang'ang'ania kulipa mia mbili kwa kuangalia, na mjukuu wake kalala chini ya benchi tangu saa sita.