Maumivu ya kabonde ka unyayo, miezi mitano ya kuchechemea na nilivyopona

Mi ni mtu wa mazoezi ya kila siku, nakimbia, naruka kamba, na sikuwahi kufikiria kama kale kabonde ka unyayo kanaweza kumsimamisha mtu. Goti sawa, mgongo sawa, hizo stori nilishazizoea, ila unyayo jamani? Ilianza kama utani, nikimaliza kukimbia nahisi kitu kinavuta katikati ya unyayo wa kushoto upande wa ndani, kama uzi uliokazwa kupita kiasi, nikivua raba nikakaa kidogo kinaisha, basi nikapuuza.

Baada ya kama wiki mbili ndo nikaanza kuamka nachechemea. Yaani ile unashusha tu mguu kutoka kitandani, hatua ya kwanza ni kama umekanyaga msumari, nikawa naenda bafuni nimeshika ukuta natembelea ukingo wa nje wa mguu kama kuku aliyefungwa, halafu cha ajabu wakati wa kurudi chumbani maumivu yameshapungua nusu. Ikifika saa nne nimesahau kabisa. Hapo ndo palinidanganya muda mrefu maana nilijiambia mguu ukipata moto unapona, kwahiyo dawa ni kukimbia zaidi. Jioni nikikaa kwenye kiti nikinyanyuka tu, narudi kulekule.

Nikalaumu viatu. Nilizigeuza zile raba nikakuta soli ya upande wa ndani imelika, na ukizishika mbele na nyuma zinakunjika katikati kama daftari, wakati kiatu cha kukimbilia kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia. Nikanunua nyingine, zikasaidia kidogo, msumari wa asubuhi ukabaki palepale. Kuna siku mbili tatu nilimeza dawa ya maumivu ndo nikaenda kukimbia, ujinga mtupu huo, maumivu ndo yalikuwa yananiambia nisimame na mi nikayaziba mdomo. Nikaja kupumzika wiki tatu nzima. Yakaisha karibu yote, nikafurahi, siku ya kwanza kurudi nikakimbia kilomita zangu nane zilezile, keshokutwa yake nikaamka nimeshika ukuta tena.

Ndo nikaenda kwa mtu wa fiziotherapia. Akanibonyeza kisigino kwa ndani, pale kinapoungana na unyayo, nikaruka. Akavuta kidole gumba juu kisha akanishikisha vidole vyangu kwenye unyayo nipapase mwenyewe, kuna kamba ilisimama pale ngumu kama waya wa gitaa. Akasema huo ni utando unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino unaenda mpaka mwanzo wa vidole, kila unapopiga hatua na vidole vikakunjika kwenda juu unakaza na kuunyanyua huo upinde wa mguu, na shavu la mguu likiwa limekaza au halina nguvu basi utando ndo unavutwa zaidi. Halafu akaniambia nisimame mguu mmoja ninyanyuke kwa vidole na kushuka mpaka nichoke. Kulia nilifika 24. Kushoto 11, mguu unatetemeka, na mi ndo najiita mkimbiaji.

Akauliza swali lililoniumbua, “Mwezi mmoja kabla haijaanza uliongeza nini?” Kamba! Nilianza kuruka kamba kutoka sifuri mpaka dakika 20 kila siku ndani ya wiki moja, juu ya kukimbia kwangu kulekule. Akacheka, “Kaka, uliuongezea mguu kazi bila kuupa taarifa.”

Kazi aliyonipa ni moja tu ya maana. Unasimama kwenye ngazi, taulo umelivingirisha umeliweka chini ya vidole ili vikunjike kwenda juu, kisigino kinaning'inia, unapanda kwa sekunde 3, unatulia 2, unashuka 3. Mara 12, seti tatu, leo unafanya kesho unaacha. Nilianza na miguu yote miwili, ikawa rahisi nikahamia mmoja, baadae nikavaa begi mgongoni lenye vitabu. Ukifanya polepole hivyo inachoma hatari, mara ya kwanza nilihisi nimedanganywa maana unyayo uliuma pale pale kwenye ngazi, ila sheria yake ilikuwa maumivu kidogo ruksa, cha kuangalia ni asubuhi inayofuata, ikiwa mbaya kuliko jana punguza uzito.

Asubuhi kabla sijakanyaga chini naweka mguu juu ya goti, navuta vidole kuja kwangu, sekunde 10 mara kumi. Hii ilinisaidia sana ile hatua ya kwanza. Chupa ya maji iliyoganda ya kuviringisha chini ya unyayo nayo tamu, ila kwa maoni yangu inatuliza tu, watu wanaifanya ndo tiba nzima. Kimpira kigumu nilikikanyaga kwa nguvu mpaka nikajiongezea maumivu, nikakiacha.

Usitegemee haraka, mi mpaka wiki ya sita ndo nikaona tofauti, katikati kuna siku mbaya kibao. Na kama mguu umevimba, una ganzi, au kuna sehemu moja ya mfupa ukibonyeza inauma, na inauma hata usiku umelala, achana na habari za taulo nenda kwa daktari, inaweza kuwa mfupa umepata ufa.

Kukimbia nilirudi kwa kuchanganya, dakika 1 nakimbia 2 natembea, majirani sijui waliniona vipi. Kamba ndo ilirudi mwisho kabisa. Juzi nimejipima tena, kulia 26 kushoto 23, kamba naruka dakika 8 mara mbili kwa wiki, na lile taulo bado liko pale kwenye ngazi, watu wa nyumbani wameshachoka kuuliza.