Kilomita 240 za changarawe kutoka Cumberland hadi Pittsburgh: nilivyojipanga

Great Allegheny Passage, ambayo waendesha baiskeli wengi wa Marekani huiita GAP tu, ni njia ya maili 150 (kilomita 241) kutoka Cumberland, Maryland, hadi katikati ya jiji la Pittsburgh, Pennsylvania. Imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya matuta ya reli za zamani na ilikamilika mwaka 2013. Magari hayaruhusiwi, unayaona pale tu njia inapokatiza barabara, na sehemu ndefu inafuata mabonde ya mito. Mtu akisikia "reli ya zamani" anadhani ni tambarare, basi baiskeli yoyote itafaa. Miguu kweli itakufikisha. Kinachosumbua ni matako, mnyororo na vumbi la mawe ya chokaa yaliyosagwa yanayofunika njia, kwa hiyo maandalizi yangu mengi yalikwenda huko.

Watu hubishana sana waanzie upande gani. Ukitoka Pittsburgh, unapanda polepole kwa zaidi ya kilomita 200, kisha unashuka kilomita 38 za mwisho hadi Cumberland. Ukitoka Cumberland, kupanda kote kunakuja mwanzoni: mita 545 hivi katika kilomita hizo 38, hadi kilele cha njia kwenye mgawanyo wa maji wa mashariki wa bara (mstari ambapo mito hugawanyika kuelekea pande mbili tofauti), futi 2,392 juu ya usawa wa bahari. Nilichagua Cumberland. Kwa kuwa treni zilipita hapa na mizigo, mwinuko hauzidi asilimia 1.75, na gia ya meno 34 mbele na 34 nyuma inatosha na chenji inabaki, hata ukiwa na mizigo. Baada ya hapo maji yanakwenda na wewe: mto Casselman hadi mji wa Confluence, Youghiogheny hadi McKeesport, halafu Monongahela hadi Pittsburgh. Treni ya Amtrak nayo inasaidia mpango huu, kwani hutoka Pittsburgh alfajiri na kukushusha Cumberland ukiwa bado na saa za kutosha za kuendesha. Nafasi ya baiskeli ikatwe pamoja na tiketi yako, maana ni chache. Begi zote zitoe kabla ya kuikabidhi.

Usidanganyike na neno "kushuka". Kutoka kwenye mgawanyo wa maji hadi Pittsburgh wastani wa mteremko ni robo ya asilimia, na kwenye chokaa iliyosagwa huo ni sawa na tambarare: ukiacha kupiga pedali, baiskeli inasimama. Ndiyo maana watu waliozoea milima huumia hapa. Mlimani unasimama kwenye pedali unapopanda na unapumzika unaposhuka. Hapa unakaa palepale, mkao uleule, saa baada ya saa. Nilijiwekea utaratibu: kila nguzo ya tatu ya maili, nasimama kwenye pedali kwa mizunguko thelathini hivi, hata kama sisikii maumivu. Ukisubiri yaanze umechelewa. Siti niliiweka sawasawa kabisa, bila kuinamisha pua, kwa sababu ikiinama mwili unateleza mbele na uzito wote unahamia viganjani, vidole vinakufa ganzi. Usukani niliupandisha sentimita moja. Kaptula yenye sponji huvaliwa bila chupi, na mafuta ya kuzuia michubuko yapakwe asubuhi, si mchana ngozi ikishachubuka.

Tairi zangu ni za milimita 40, zisizo na tyubu, zenye maji ya kuzibia pancha ndani. Kwa mtu wa kilo 75 na mizigo ya kilo 9 nilijaza upepo wa psi 35 mbele na 40 nyuma. Ukitumia tyubu ongeza 5 kila upande, la sivyo tyubu itabanwa na ukingo wa rimu pale lami ya makutano inapoanza na kukatika matobo mawili yanayofanana. Tairi za milimita 28 zinapita vizuri njia ikiwa kavu. Mvua ikinyesha zinazama na kuchora mfereji, na wewe unasukuma kama uko kwenye mchanga wa pwani.

Hapo ndipo chokaa inapoanza kazi yake. Ikilowa, unga wake unakuwa uji wa kijivu unaorushwa na gurudumu la nyuma na kutua kwenye mnyororo, kwenye friwili (meno ya gurudumu la nyuma) na katikati ya raba za breki. Ule uji una chembe ngumu ndani. Ukiuacha ukauke usiku mmoja, asubuhi viungo vya mnyororo vinakakamaa na unasikia mkwaruzo kila ukibadilisha gia. Dawa ni maji, na mapema: kabla ya kuingia kulala, mimina chupa mbili za maji polepole juu ya mnyororo huku ukizungusha pedali kinyumenyume, pangusa kwa kitambaa, kisha tia tone moja la mafuta kwa kila kiungo na upanguse tena yanayobaki nje. Kwenye njia kavu natumia mafuta ya nta, kwa sababu mafuta mazito hushika vumbi na kugeuka msasa. Madigadi marefu, hasa la nyuma, yanapunguza kazi hii kwa nusu. Mwenye breki za rimu abebe raba za ziada.

Msimu nao upangwe kwa makini. Handaki la Big Savage, lenye urefu wa karibu kilomita moja kabla tu ya kilele, hufungwa kwa milango majira ya baridi, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Aprili, ili maji yanayopenya yasigande na kuharibu kuta. Kulizunguka ni kupitia barabara za magari zenye vilima, jambo lile lile ulilokuja kulikimbia. Hata likishafunguliwa, wiki za mwanzo si nzuri: tabaka la juu la njia limeyeyuka na la chini bado limeganda, maji hayana pa kwenda, njia inakuwa tope. Mimi ningesubiri katikati ya Mei. Handaki lina taa, lakini ndani kuna baridi hata Julai. Koti jepesi liwe juu kabisa ya begi. Kabla ya hapo, karibu na Cumberland, kuna handaki la Brush, ambalo njia inagawana na reli ya treni ya watalii. Ukisikia treni, subiri nje ipite.

Maji nilibeba lita mbili na kujaza kila mji. Frostburg iko maili ya 16 kutoka Cumberland, lakini mji wenyewe uko juu ya njia na unaupandia. Meyersdale iko maili ya 32, Rockwood karibu na 44, Confluence 62, Ohiopyle 72, Connellsville karibu na 89, West Newton 114. Pengo linalouma ni lile kati ya Connellsville na West Newton, kilomita 40 zenye huduma chache, na wengi hulifikia mchana wa jua kali. Kwa kulala, Rockwood na Connellsville zinaigawa safari vizuri. Connellsville kuna vibanda vya mbao vilivyo wazi upande mmoja, kando ya njia.

Mtandao wa simu hupotea bondeni, kwa hiyo ramani ipakuliwe kabla. Jioni kagua kupe nyuma ya magoti na kiunoni. Pennsylvania wanaeneza ugonjwa wa Lyme. Ukiingia kichakani kujisaidia, kaa mbali na mmea wenye majani matatu matatu, hasa unaopanda miti: unawasha kwa siku nyingi.

Baada ya McKeesport ni lami karibu yote hadi Point State Park, mito inapokutana. Hapo ongeza upepo hadi psi 50, punguza mwendo kwa ajili ya watembea kwa miguu, na usikate kona kwa ghafla: kona zimejaa mchanga, na tairi yenye vumbi la chokaa huteleza kwenye lami laini. Ukifika, pima mnyororo kwa kipimo chake. Ukiwa umerefuka asilimia 0.75, ubadilishe kabla haujala meno ya friwili, ambayo bei yake ni kubwa zaidi.